Fundo la Utosini

Mwezi uliopita niling'olewa jino. Usinicheke. Katika umri wangu huu jino ni kama mpangaji wa siku nyingi, hatoki bila ugomvi. Daktari wa meno pale Mbeya mjini, kijana mpole mwenye mikono midogo, alihangaika nalo mpaka akalitoa vipande vipande, akanishona, akanipa pamba ya kung'ata na kuniambia niende nyumbani nikapumzike, nisiongee mpaka kesho. Binti yangu alimshukuru kwa mikono miwili. Alisema ni mara ya kwanza kusikia mtu ameweza kuninyamazisha.

Tulipofika nyumbani shavu lilikuwa limeanza kuumuka. Binti yangu, kwa huruma zake, alichukua mtandio, akaupitisha chini ya kidevu changu, akaupandisha juu ya masikio na kufunga fundo utosini. Akarudi nyuma hatua moja kunitazama. "Hapo sasa," akasema. Mimi nikajiona kwenye kioo cha kabati. Niliuvuta ule mtandio kwa nguvu mpaka jeraha likatoneka, nikautupa sakafuni. Binti yangu alishtuka, akadhani ameniumiza. Nisingeweza kumweleza, mdomo umejaa pamba. Nakueleza wewe, maana wewe huna haraka.

Ilikuwa miaka ya sabini, ile miaka watu walipohamishwa kutoka kwenye vilima vyao na kupangwa kwa mistari katika vijiji vipya. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Tuliishi Iringa mjini, baba akiwa karani, na mimi nilikuwa mtoto wa mjini hasa, najua sinema iko wapi na andazi zuri linauzwa na nani. Kisha jino likaota vibaya ndani ya ufizi wa chini, likakataa kutokeza, taya likavimba upande mmoja mpaka shuleni wakaanza kuniita Shavu la Maulidi. Mama alijaribu maji ya chumvi, akajaribu karafuu, akajaribu kuniombea. Mwishowe akambeba mdogo wangu mchanga mgongoni, akanishika mkono, tukapanda basi kwenda Mbeya, kwenye hospitali ya misheni iliyokuwa upande wa kwao.

Upasuaji wenyewe siukumbuki, ashukuriwe aliyevumbua usingizi wa dawa. Nakumbuka nilipozinduka. Mdomo haukuwa wangu. Nilikuwa nimefungwa bandeji pana, imepita chini ya kidevu na kupanda mashavuni, ikakutana juu ya kichwa katika fundo kubwa kama kishungi cha jogoo. Daktari aliwaambia mama na bibi, mama yake mama aliyeshuka kutoka kijijini, kwamba amelikata taya ili kulifikia jino, na ameshona nyuzi nyingi. Nisitafune kitu. Nisiseme neno kwa wiki mbili. Bandeji isiguswe mpaka siku ya kurudi. "Akiongea nyuzi zitakatika, na taya litapona limepinda," alisema.

Mama alikaa nami siku mbili pale, kisha akarudi Iringa kwa baba, na mimi nikakabidhiwa kwa bibi. Bibi yangu alikuwa mwembamba, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika. Neno la daktari alilichukua kama alivyolichukua neno la mchungaji, yaani halijadiliwi. Lakini fundo lile hakulipenda. Tulipanda lori lililokuwa likienda kubeba pareto, tukashuka njia panda na kuanza kupanda kilima kwa miguu, na kila tulipopumzika bibi aliniangalia kichwani. Mara tatu mikono yake ilinyanyuka kulishika fundo, na mara tatu ikarudi chini.

"Gwe mwana," alisema mwishowe, "hii fundo siyo nzuri. Huku kwetu fundo ya utosini ni ya mtu asiyeamka."

Kwa vile nisingeweza kuuliza, alinieleza mwenyewe huku tukitembea. Mtu akikata roho, kabla mwili haujapoa, wanawake wa nyumba humfunga taya kwa kitambaa kinachopita chini ya kidevu, na fundo huwa juu ya kichwa. Bila hivyo mdomo hubaki wazi kama mlango wa nyumba iliyohamwa. "Hao manesi wametoka mbali, hawajui," alisema. Akavua kanga yake ya begani na kunifunika kichwa, akaniambia niishike chini ya kidevu isianguke.

Ulikuwa mwanzo wa kipupwe. Kama hujawahi kukaa kwenye milima ile nyuma ya Mbeya, sitaweza kukueleza ukungu wake. Hauji kutoka mahali. Unageuka tu kutazama nyuma na kilima ulichokipita hakipo. Tulipokaribia kijiji, kanga ilikuwa imelowa na kuwa nzito, mkono wangu umechoka, ikateleza. Pembeni mwa njia mwanamke mmoja alikuwa anachimba viazi. Aliinua kichwa akatuona, bibi mbele na mimi nyuma, na jembe likamponyoka.

"Ndaga, mama," bibi alimsalimu. "Poleni na kazi."

Hakuitikia. Alinitazama mpaka ukungu ulipotutenganisha.

"Huyo ni jirani yetu," bibi alisema. "Baridi imemshika ulimi."

Nyumba ya bibi ilikuwa mpya, ya miti na udongo ambao haujakauka sawasawa, katika mstari wa nyumba zilizofanana kama watoto wa shule kwenye gwaride. Bado nausikia ule udongo puani mwangu, pamoja na moshi wa kuni za miwati na harufu kali ya maua ya pareto yaliyoanikwa juu ya jiko. Asubuhi nilipewa uji mwembamba wa ulezi uliopozwa, mchana viazi vilivyopondwa kwa maziwa mpaka vikawa kama lipu ya ukuta, jioni uji tena. Mimi niliyependa kutafuna mpaka penseli nilikaa nikimtazama bibi akila mahindi ya kuchoma, nikawa namwonea gere kila punje. Kila baada ya chakula nilisukutua maji ya chumvi kupitia upenyo mdogo wa midomo. Kazi niliyoruhusiwa ilikuwa kuchambua maharage na kuchochea moto.

Mtu asiyesema husikia mno. Baada ya siku mbili nilijua mlio wa kila mlango wa mstari wetu. Nilisikia matone yakidondoka kutoka kwenye mianzi, moja moja, na kikohozi cha balozi wa nyumba kumi akipita kukagua. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nakuongezea kwamba anayeusikia huo mshindo ni yule aliyenyamaza.

Siku zile watu wazima wote walitakiwa kujifunza kusoma. Saa nane mchana balozi aligonga ringi ya gari iliyotundikwa mtini, na bibi akachukua daftari na penseli yake, akajitanda kanga, akaenda kwenye kisomo chini ya banda la shule. Alikwenda kwa fahari kubwa. Alikuwa amefika ma, me, mi, mo, mu, na aliandika kwa kukandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Ringi ilipogongwa siku ya tatu nilibaki peke yangu, nimekaa kwenye kigoda karibu na dirisha. Dirisha lenyewe lilikuwa tundu lenye kibao cha kufungia, na kibao kilikuwa wazi ili moshi utoke.

Yule mama jirani alitokea kwenye tundu lile bila mlio wa miguu. Mimi niliyesikia kila kitu sikumsikia. Uso wake ulikuwa mwembamba, wa mwanamke ambaye si mzee bado, na macho yake hayakutoka kwenye fundo langu. Nikapiga goti kidogo kumwamkia, kwa kuwa shikamoo nisingeweza kuitamka.

"Umepajuaje huku?" akaniuliza.

Sauti yake ilikuwa ya chini na ya upole. Nilidhani anauliza juu ya safari yangu ya kutoka Iringa.

"Nilisema huyu hatajua tulikohamia," aliendelea. "Tuliondoka haraka, mwanangu. Lori lilikuja asubuhi, wakatoa vitu wenyewe. Nilitaka nije nikuage, wakasema lori halisubiri."

Nilitikisa kichwa kumwonyesha kwamba amenifananisha.

"Usitikise," akasema haraka. "Usitikise, litalegea. Nililifunga mwenyewe."

Nilihisi ubaridi ukianzia kisogoni na kushuka mpaka kwenye kigoda. Alisimama pale muda mrefu akinitazama kama mtu anayeota moto. Kisha akaondoka, na ukungu ukaingia kwa lile tundu kama kwamba alikuwa ameuzuia kwa mwili wake.

Jioni ile ile, wakati wa kumenya viazi, bibi alimtaja yeye mwenyewe. Alisema wanakijiji wamechoka na jirani yetu kwa sababu haitikii salamu, na wengine wameacha kumsalimu. "Lakini tusimlaumu," alisema. "Alikuwa na mtoto mmoja, msichana, umri kama wako. Homa imemchukua kule mlimani, wiki ile ile ya kuhama. Mama mtu alikuwa anachuma pareto, kurudi akakuta amekwisha kwenda. Wamezika leo, kesho kutwa lori hilo. Kaburi limebaki kwenye mahame, peke yake." Akatupa kiazi kwenye maji. "Mimi angalau wafu wangu ni wazee. Wanajua njia."

Sasa nilielewa, na kuelewa hakukunisaidia. Nilikuwa mtoto aliyefungwa kama maiti, sina sauti, nakaa katika nyumba ambayo kijiji kizima hakijawahi kuniona nikiingia isipokuwa yeye, na alikuwa ameniona natoka kwenye ukungu.

Alirudi siku ya tano, na siku ya sita. Alipitisha dirishani kikombe cha maziwa mgando, akaniangalia nikinywa taratibu kwa pembe ya mdomo, akatikisa kichwa kwa mshangao kwamba nakunywa. Siku ya saba alileta gauni la kitambaa cha maua madogo ya bluu, limekunjwa vizuri, lina harufu ya moshi wa zamani. "Ulilisahau," alisema. Alipoondoka nikalivaa. Nakwambia ukweli, sikulazimishwa na mtu, ni udadisi wangu tu, na udadisi huo umenitia matatani maisha yangu yote. Lilinikaa barabara. Hata pale kwenye kiwiko palipokuwa na kiraka palikutana na kiwiko changu. Nililivua upesi nikalificha chini ya mkeka.

Usiku ule nilipanga kumwambia bibi. Nilichukua kaa la jikoni lililopoa, nikaandika sakafuni kwa herufi kubwa: MAMA JIRANI ANAKUJA. Bibi alifurahi kuona maandishi kuliko kuona maana yake. Akachuchumaa, akaweka kidole, akasoma, "Ma... ma. Mama!" Akanitazama, na macho yake yakalowa. Akanikumbatia kifuani, mimi na fundo langu. "Mama yako atakuja, gwe mwana. Siku zimebaki chache tu. Unamkumbuka, eh?" Nilimwonyesha maneno mengine, lakini huko kisomo chake kilikuwa hakijafika. Akafagia makaa kwa ufagio, akaenda kulala akiwa na furaha ya kusoma neno zima peke yake.

Siku ya tisa ukungu haukuinuka kabisa. Ringi iligongwa, na mlio wake ulikuja kama umefungwa kwenye blanketi. Bibi akaenda. Safari hii mama jirani hakuja dirishani. Aliingia mlangoni, akatazama chini ya mkeka kana kwamba alijua, akatoa gauni na kunivalisha juu ya nguo zangu. Kisha akanishika mkono.

"Twende, mwanangu," akasema. "Umekaa vya kutosha."

Utaniuliza kwa nini nilikwenda. Kwanza, mtoto wa enzi zile akishikwa mkono na mtu mzima anakwenda, haulizi. Pili, siku tisa nilikuwa nimekaa kimya kijijini pale, na katika siku hizo tisa huyo ndiye mtu pekee ambaye kimya changu hakikumchosha. Alinionea huruma na mimi nilimwonea huruma. Hofu ilikuwepo, tena kubwa, lakini mkono wake ulikuwa wa joto na ulinishika kama mkono unaojua ulichokishika.

Tulipanda kilima kwa njia iliyokuwa ikimezwa na majani. Alitembea bila kuangalia chini. Sikuona kitu zaidi ya mgongo wake na ncha ya kanga yake. Baada ya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno, mti wa mapichisi ukatokea mbele yetu, mweusi, hauna jani, na nyuma yake kuta za nyumba isiyo na paa. Watu walikuwa wameng'oa miti ya paa na milango wakaenda navyo kijijini. Ndani, mafiga matatu yalikuwa bado yamekaa mahali pake, na jivu lilikuwa bado kati yao. Nje ya ukuta palikuwa na tuta la udongo lililodidimia, na juu yake kikombe cha bati kilichotobolewa kitako, kama kawaida ya vyombo vya marehemu.

Alinikalisha karibu na mafiga. Akachuchumaa mbele yangu, magoti yake yakigusa yangu.

"Umefika," akasema. "Hapa ndipo kwako. Kule chini kuna watoto wa watu, sitaki wakuone na kukufuata. Nitakuwa nakuja mimi. Nitakuja kila nikipata nafasi, usinifuate tena. Umesikia?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba hakunileta kutembea. Alikuwa ananirudisha. Angeinuka pale, angeshuka kilima peke yake akiwa na moyo uliotulia, na mimi ningebaki kwenye mahame katika ukungu, sijui njia, siwezi kuita.

"Kabla sijaenda," alisema, "nitakufungua. Nilikaza mno siku ile, nilifunga kama mtu anayefunga gunia, tangu hapo nawaza labda ulikuwa na neno. Uniambie neno moja tu, halafu ulale. Siku ile nilipokuwa kwenye pareto, uliniita?"

Vidole vyake vilipanda utosini na kufungua fundo. Bandeji ilianguka mabegani, na hewa ya baridi ikaligusa taya langu kama kisu. Alisubiri. Sijawahi kumwona mtu akisubiri namna ile, si hospitali wala kituo cha basi wala mahakamani. Niliyaona maisha yake yote yamekaa pale mdomoni mwangu.

Sasa nisikilize vizuri. Nilikuwa nimejiandaa. Tangu tulipoanza kupanda kilima nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kichwani: mimi si mwanao, mimi ni mjukuu wa bibi, nimetoka Iringa. Nyuzi zikikatika na zikatike. Nikafungua mdomo, na nilichokisikia kikitoka ni hiki:

"Sikukuita, mama. Nilikuwa nimelala juu ya gunia."

Sauti ilikuwa nene, ina mluzi ndani yake, na mimi mwenyewe sikuitambua. Mdomo ukajaa ladha ya chumvi na chuma. Yule mama alikaa chini, palepale kwenye jivu, akafunika uso kwa viganja. Hakulia kwa sauti. Mabega yake tu ndiyo yaliyokuwa yakipanda na kushuka, na ukungu ulikuwa ukipita juu ya kuta zile kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kana kwamba nyumba inavuta pumzi.

Alipoinua uso aliniona natokwa na damu. Akachukua pindo la kanga yake na kunifuta kidevu. Akaiangalia ile damu kwenye kanga. Akaigusa kwa kidole, akakipeleka kidole kwenye shavu lake mwenyewe.

"Ina joto," akasema.

Alinitazama tena, na safari hii alinitazama mimi. Aliona pua yangu, nadhani, na masikio yangu, na makovu ya tetekuwanga kwenye paji la uso. Aliona mtoto wa watu amekaa kwenye baridi amevaa gauni lisilo lake.

"Bibi yako anakutafuta," akasema polepole.

Aliikung'uta bandeji, akaipitisha chini ya kidevu changu, akanifunga upya. Alifunga taratibu sana, akiuliza kila mara kwa macho kama inaniuma, na fundo akaliweka pembeni, shavuni, upande usio na jeraha. Akanishika mkono, tukashuka. Njiani mara moja alisimama na kunitupia kanga yake mabegani.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake mkononi. Aliniona mimi, akaliona gauni, akaiona damu, akaliona fundo limehama. Kisha akamtazama jirani, na jirani akamtazama yeye. Wanawake wale wawili walisemezana jambo refu bila neno hata moja, mambo ya watu wazima.

"Ndaga, mama," jirani akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kijijini pale kumsikia akianza yeye salamu.

"Ndaga, mama," bibi akajibu. "Ingia uote moto. Viazi vimeiva."

Akaingia. Alikula viazi vitatu na chumvi, huku mimi nikiwekewa kitambaa cha maji baridi. Tulipomrudishia gauni alilikunja, akalipakata, akasema litunzwe tu hapo, watoto hukua, mmoja atalivaa.

Nyuzi mbili zilikuwa zimekatika. Daktari aligomba sana tuliporudi hospitali, akauliza nani amemfungua mtoto bandeji na nani amemruhusu kuongea. Bibi, ambaye neno la daktari kwake lilikuwa halijadiliwi, alitazama sakafu akasema, "Mimi." Taya langu lilipona limeinama kidogo upande wa kushoto, na mpaka leo nikitamka herufi ya s kuna kimluzi kinachotangulia. Umekuwa ukikisikia tangu nianze kukusimulia, ni adabu yako tu iliyokuzuia kuuliza.

Kuhusu gunia, nilikaa na jambo hilo miaka mingi. Nilipokuwa mwalimu tayari, likizo moja, nilimkuta mama jirani anaanua maharage, nikajikaza na kumuuliza. Alinijibu bila kuacha kazi. Alisema aliporudi kutoka shambani alimkuta mwanawe amejilaza juu ya gunia la maua makavu ya pareto, mkono chini ya shavu kama mtu aliyesinzia. Alimwondoa pale kabla hajaita watu, kwa sababu aliona aibu kwamba mtoto amefia kwenye gunia. Hakumwambia mtu. "Kwa hiyo nilijua," alisema. "Wewe hukuwa yeye, hilo nililiona. Lakini jibu lilikuwa lake." Huenda bibi alilisikia mahali akalitaja nikiwa nasinzia. Huenda. Mimi ni mtu niliyesoma na ninapenda maelezo yanayoeleweka, na hilo ndilo nililonalo, sina lingine.

Bibi alifariki akiwa tayari anaweza kusoma Biblia mwenyewe, kwa kidole, kwa sauti. Nilikuwepo. Nilimfunga taya kwa mikono yangu, nikaliweka fundo utosini kama inavyotakiwa, kwa maana yeye alikuwa mtu wa utaratibu. Mama jirani aliishi sana baada yake. Alipofariki, miaka michache iliyopita, nilikuwa safarini, nikafika siku ya mazishi na kitambaa cheupe ndani ya mkoba. Nilikuwa nimechelewa. Siku hizi mtu hufia hospitali, hupelekwa chumba cha maiti, na hurudi nyumbani amekwisha tengenezwa na watu wasiomjua jina. Jeneza lilikuwa na kidirisha cha kioo usawa wa uso. Tulipanga mstari kuaga. Ilipofika zamu yangu niliinama, na nikamwona mdomo wake uko wazi kidogo, kama mtu anayetaka kuita. Nilisimama pale dirishani nikamtazama kama alivyokuwa akinitazama. Nyuma yangu watu walianza kukohoa, wakaniambia, "Mama, sogea, wengine nao waage." Nikasogea.

Kijiji kile kipo, mistari imevurugika, nyumba ni za bati na kila moja inatazama inakotaka. Pareto wanalima wachache. Kule kwenye mahame nilipanda mara moja nikiwa na mtu wa kunionyesha njia, tukakuta shamba la mikaratusi, miti imepandwa hadi ndani ya zile kuta, na mafiga sikuyaona. Kikombe sikukiona. Ringi, wameniambia, iliuzwa kama chuma chakavu.

Hayo ndiyo niliyoshindwa kumwambia binti yangu siku ile na pamba mdomoni. Jioni damu ilipokata niliitoa pamba, nikaokota mtandio sakafuni, nikamwita akae karibu nami. Nikampa ncha mbili za mtandio azishike.

"Siku yangu ikifika," nikamwambia, "usiwaachie watu wa hospitali. Unifunge wewe mwenyewe. Ila fundo liwe hapa, shavuni."

"Mama jamani, mambo gani hayo! Jino tu!"

"Na usikaze sana," nikasema. "Huenda kuna mtu ataniuliza jambo."